Meno ya Bandia Hayatengenezwi kwa Kubahatisha

Hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye humwita mwashi, akamwonyesha lundo la matofali, kisha akamwamuru ajenge nyumba pasipo kumwonyesha kiwanja wala kumpa ramani. Mwashi huyo, hata akiwa bingwa wa kazi yake, atauliza kwanza: je, ardhi ni ya mwamba au ya kichanga? Maji ya mvua hupita wapi? Paa litakuwa la bati au la makuti? Maswali hayo ni ya haki, kwani nyumba iliyojengwa bila kuyajibu haikawii kupata nyufa.

La ajabu ni kwamba jambo lisilokubalika katika ujenzi wa banda la kuku hukubaliwa mara nyingi katika ujenzi wa kitu kinachowekwa ndani ya kinywa cha binadamu. Daktari wa meno huchukua umbo la taya la mgonjwa, hupata mfano wake wa plasta, kisha huupeleka maabara pamoja na kikaratasi kinachotaja meno yanayotakiwa, basi. Fundi wa maabara, ambaye hajapata kumwona mgonjwa huyo, huachiwa aamue mwenyewe vibanio vishike jino lipi, bamba lipite wapi, na mzigo wa kutafuna ubebwe na nini. Tabia hii si ya nchi maskini peke yake. Tafiti zilizofanywa katika nchi kadhaa, zikiwamo zile tajiri zenye vyuo vikuu vya tangu zamani, zimeionyesha mara kwa mara.

Hoja ya makala haya ni kwamba meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, yale yanayoziba mapengo ya mtu aliyebakiwa na baadhi ya meno yake, ni kazi ya uhandisi kabla ya kuwa kazi ya ufundi. Yasipopangwa na kuchorwa na daktari aliyekichunguza kinywa, hayawi msaada bali huwa chanzo cha hasara nyingine. Na anayelipa hasara hiyo ni mgonjwa, aghalabu yule ambaye fedha alizotoa ni za jasho la miezi mingi.

Jinsi pengo linavyozaa pengo

Na achukuliwe mfano wa mtu wa makamo aliyepoteza magego yote ya taya la chini, kushoto na kulia, akabakiwa na meno ya mbele. Hupewa bamba la akriliki linalokaa juu ya ufizi tu, lenye nyaya mbili za chuma zilizopindwa kushika meno mawili ya mwisho. Juma la kwanza hufurahi, kwani uso wake umerudi katika hali yake na watu wamempongeza. Kisha huanza kula.

Kila anapouma kipande cha nyama, bamba huzama nyuma kwa sababu ufizi ni laini. Linapozama, ukingo wake huukandamiza ufizi ulioko kwenye shingo za meno yaliyobaki na kuuchubua kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka mizizi ikawa wazi. Nazo zile nyaya, badala ya kuyashika meno kwa upole, huyavuta huku na huku kama mtu anayetikisa kigingi ili akingʼoe. Mabaki ya chakula hujificha chini ya bamba, vijidudu hustawi, meno hutoboka. Baada ya miaka michache yale meno mawili huanza kulegea, hatimaye hungʼolewa. Bamba jipya hutengenezwa, nyaya zikashika meno mawili yanayofuata, na safari huanza upya kuelekea ukibogoyo. Hivyo kitu kilichonunuliwa kwa nia ya kuziba pengo ndicho kinacholiongeza.

Yuko pia mgonjwa mwingine, ambaye huchoka mapema zaidi. Huyu huyafunga meno yake ya bandia katika kitambaa na kuyaweka sandukuni, akayatoa siku za arusi na sikukuu tu. Na yuko wa tatu, mwenye bamba dogo la jino moja lisilo na mshiko wa kutegemewa, ambaye siku moja hulimeza pamoja na tonge. Hatari hiyo si ndogo, kwa kuwa akriliki ya kawaida haionekani katika picha ya eksirei, na daktari hulazimika kulitafuta bamba hilo kwa njia nyingine ilhali mgonjwa yumo taabuni.

Misiba hiyo mitatu haina budi kuitwa kwa jina lake. Si bahati mbaya, wala si ubaya wa akriliki peke yake. Ni matokeo ya kazi iliyofanywa bila mpango.

Mwamba na godoro

Ili msomaji auone uzito wa jambo hili, yampasa kwanza afahamu kwamba meno ya bandia ya namna hii husimama juu ya ardhi ya aina mbili. Ardhi ya kwanza ni jino lililobaki. Jino halikupigiliwa katika mfupa kama msumari. Hunингʼinia ndani ya tundu lake kwa nyuzi nyembamba ambazo unene wa utando wake ni kama robo ya milimita. Linapokandamizwa, jino hushuka kidogo mno. Ardhi ya pili ni ufizi uliofunika mfupa mahali palipongʼolewa meno. Huo ni mnofu laini, nao hubonyea mara nyingi zaidi kuliko jino.

Kwa hiyo bamba linaloegemea meno upande mmoja na ufizi upande mwingine ni kama kitanda ambacho miguu yake ya mbele imekaa juu ya mwamba na ile ya nyuma juu ya godoro. Mtu akikikalia, lazima kiiname. Jino la mwisho lililoshikwa na kibanio huwa ndiyo egemeo la wenzo, na nguvu za taya hufanya kazi ya kuling’oa.

Daktari Edward Kennedy wa Marekani alilitazama jambo hili alipoyapanga mapengo katika makundi manne mwaka 1925, na mgawanyo wake ungali ukifundishwa ulimwenguni kote. Kundi la kwanza ni la mapengo mawili ya nyuma, kushoto na kulia, ambayo hayana jino lolote nyuma yake. La pili ni la pengo la namna hiyo upande mmoja tu. La tatu ni la pengo la upande mmoja lenye jino mbele yake na jino nyuma yake. La nne ni la pengo moja la mbele linalovuka mstari wa kati wa uso.

Mgawanyo huu si zoezi la kukariri kwa ajili ya mtihani. Katika kundi la tatu, meno ya bandia yanaweza kubebwa na meno ya asili pande zote mbili kama daraja juu ya nguzo zake. Katika kundi la kwanza na la pili hakuna nguzo ya nyuma, na hapo ndipo tatizo la mwamba na godoro linapojitokeza kwa ukali wote. Mpango unaofaa kwa kundi moja waweza kuwa balaa kwa kundi lingine. Daktari asiyeandika katika agizo lake hata kundi la pengo, ameacha kusema neno la kwanza kabisa.

Robo ya milimita

Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa meno waliyakadiria haya yote kwa jicho. Mwaka 1918, katika mji wa Boston, Fortunati alionyesha namna ya kutumia chombo cha kupimia usambamba wa meno, na katika miaka ya 1920 chombo hicho kikaanza kuuzwa. Umbo lake ni rahisi: mfano wa plasta hufungwa juu ya meza ndogo inayoweza kuinamishwa, na juu yake huningʼinia kijiti kilichosimama wima. Kijiti huzungushwa kulizunguka kila jino, na penseli iliyofungwa ubavuni mwake huchora mstari mahali ambapo tumbo la jino limetokeza zaidi.

Mstari huo ndio siri ya mshiko. Sehemu ya kibanio iliyo juu ya mstari haishiki kitu. Ncha iliyo chini yake, penye kibonde, ndiyo inayozuia bamba lisitoke. Lakini ncha hiyo isiingie mno. Kibanio cha kobalti na kromi kilichomiminwa hutakiwa kuingia katika kibonde cha milimita 0.25 tu, kile cha waya wa chuma uliovutwa, ambao hunyumbulika zaidi, chaweza kufikia milimita 0.5. Robo ya milimita ni unene wa karatasi mbili tatu za daftari. Kikizidi hapo, kibanio kigumu ama kitapinda, ama kitavunjika, ama kitalitesa jino kila mgonjwa anapoyavaa na kuyavua meno yake.

Hakuna jicho la binadamu, hata la fundi mwenye miaka 30 kazini, liwezalo kukisia robo ya milimita. Chombo cha kupimia kimekuwako kwa zaidi ya miaka 100. Maabara inayotengeneza vibanio bila kukitumia haipimi, inabahatisha.

Mpangilio wa fikra

Kuchora meno ya bandia si kuchora picha nzuri. Ni kujibu maswali kwa utaratibu, kila jibu likiwa msingi wa lile linalofuata.

Swali la kwanza ni matandiko: mapengo yapi yazibwe, na meno mangapi yawekwe? Swali la pili, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni nani atabeba mzigo. Hapa huja maegemeo, yaani vipande vidogo vya chuma vinavyokalia juu ya meno ya asili ili nguvu ya kutafuna ishuke moja kwa moja katika mizizi yake. Egemeo halikai popote. Huchongewa kikalio katika enameli, chenye kina cha milimita 1 hadi 1.5, na sakafu yake ielekee katikati ya jino. Likiwekwa juu ya mteremko usiochongwa, huteleza na kulisukuma jino pembeni. Akina mama wanaopika kwa kuni wanajua kwamba chungu hakitulii juu ya figa mawili; yatakiwa matatu, tena yaliyoachana. Ndivyo ilivyo kwa maegemeo: kadiri yanavyotawanyika ndivyo bamba linavyotulia.

Swali la tatu ni vibanio: vishike jino lipi, na kwa namna gani? Swali la nne hufuatana nalo. Kila mkono wa kibanio unaolisukuma jino upande mmoja hauna budi kukabiliwa na kitu kigumu upande wa pili, ili jino lisiyumbishwe. Swali la tano ni kiunganishi kinachofunga sehemu zote pamoja. Sharti lake la kwanza ni ugumu, kwani kiunganishi kinachopindika hufanya kila sehemu ibebe mzigo wake peke yake, na la pili ni kukaa mbali na ufizi wa shingo za meno, yapata milimita 3 na zaidi, kila inapowezekana.

Swali la sita huwahusu hasa wale wasio na jino la nyuma. Vyakula vinavyonata, kama ugali na viazi vitamu, hulivuta tandiko juu, nalo hubetuka kwa kuuzunguka mstari unaounganisha maegemeo mawili ya nyuma. Dawa yake wavuvi wa pwani waliijua zamani. Ngalawa ni chombo chembamba ambacho kingepinduka kwa wimbi dogo, lakini matengo yake yaliyowekwa mbali ubavuni huizuia. Katika meno ya bandia, egemeo la ziada huwekwa mbele ya mstari ule, mbali nao iwezekanavyo, nalo hufanya kazi ya tengo. Swali la saba, ambalo husahauliwa sana, ni hili: je, kimo katika mchoro kitu chochote kinachoweza kuondolewa? Kila kibanio kisicho na kazi ni maskani ya uchafu.

Kwa kundi la kwanza na la pili la Kennedy kuna mengine ya kuongeza. Mwaka 1963 Kratochvil, mwalimu wa fani hii huko Marekani, alishauri kwamba egemeo la jino la mwisho liwekwe upande wake wa mbele, si wa nyuma karibu na pengo, na kibanio chake kiwe kijiti kinachotokea chini, ili tandiko linapozama ncha ya kibanio iachane na jino badala ya kulivuta. Tandiko nalo lapasa kufunika eneo pana la ufizi, hadi kwenye kifundo kilicho nyuma ya mahali pa gego la mwisho, kwa sababu mzigo uliotawanywa humuumiza kidogo aubebaye.

Kisichoonekana katika plasta

Wako watakaosema kwamba fundi mwenye uzoefu anajua haya kuliko daktari kijana. Hoja hii haifai kudharauliwa, maana mara nyingi ni kweli. Daktari mwenye busara huketi na fundi, akamsikiliza, na wakakubaliana juu ya mchoro. Lakini ujuzi wa fundi, hata uwe mkubwa namna gani, hauwezi kumwonyesha mambo ambayo plasta haiyabebi.

Plasta haisemi kama jino linalotakiwa kubeba kibanio limelegea. Haionyeshi mfupa ulioliwa kuuzunguka mzizi. Hilo huonyeshwa na picha ya eksirei. Haisemi kama mgonjwa hutapika anapoguswa nyuma ya kaakaa, kama mikono yake hutetemeka kiasi cha kushindwa kuvua bamba lenye vibanio vinne, wala kama ana kisukari. Hata kipimo kimoja kidogo chatosha kuwa ushahidi. Kijiti cha chuma kinachopita nyuma ya meno ya mbele ya chini hutaka nafasi ya milimita 7 au 8 baina ya ufizi na sakafu ya kinywa: nne za kijiti chenyewe, na tatu au nne za kuuacha ufizi upumue. Sakafu hiyo hupanda mgonjwa anapoinua ulimi. Kipimo chake huchukuliwa kinywani, ulimi ukiwa umeinuliwa. Fundi akikisia katika plasta, mgonjwa ndiye atakayegundua kosa, kwa kidonda.

Zaidi ya hayo, baadhi ya kazi za mpango hufanywa ndani ya kinywa kabla ya umbo la mwisho kuchukuliwa. Vikalio vya maegemeo huchongwa na daktari, meno yaliyotoboka huzibwa, ugaga huondolewa, jino lisilo na matumaini hungʼolewa mapema. Mchoro ukija baada ya umbo la mwisho, umekuja kama mwaliko uliofika baada ya arusi.

Hoja ya umaskini

Wako pia watakaosema kwamba haya ni mambo ya wenye nacho. Chuma cha kobalti na kromi, kilichoanza kutumiwa katika meno ya bandia yapata miaka ya 1930, hutaka tanuri, mashine na ujuzi ambao hospitali nyingi za Afrika ya Mashariki hazinao, na bei yake humshinda mwananchi wa kawaida. Akriliki, iliyoingia katika fani hii mwishoni mwa miaka hiyo hiyo, ni rahisi, hutengenezeka popote, na huongezeka jino likipotea jingine. Yote hayo ni kweli.

Lakini umaskini ni sababu ya kupanga zaidi, si ya kutopanga. Mwenye fedha akiharibikiwa hutengenezewa mengine; asiye nazo hana nafasi ya pili. Tena mpango hauhitaji dhahabu. Mwaka 1949 daktari Every wa New Zealand alieleza namna ya kupanga bamba la akriliki tupu kwa taya la juu lenye mapengo yaliyopakana na meno pande zote. Bamba hukaa juu ya kaakaa pana lakini huuacha ufizi wa shingo za meno ukiwa wazi kwa milimita 3 hivi. Jino la bandia hugusana na jirani yake kwa nukta tu. Na waya mfupi huligusa gego la mwisho kwa nyuma lisihame. Gharama ya bamba hilo haitofautiani sana na ya bamba lililotengenezwa ovyo. Tofauti iko katika kichwa cha aliyelipanga.

Taya la chini halina kaakaa, kwa hiyo huwa gumu zaidi, na hapo ndipo fedha ya chuma, kama ipo, ingetumika kwanza. Kama haipo, hata nyaya nene zilizopindwa na kufungwa ndani ya akriliki zaweza kufanywa maegemeo yatakayozuia bamba lisizame. Si kamili, lakini ni bora kuliko kuuachia ufizi kazi yote.

Tahadhari moja yafaa kutolewa hapa. Mabamba ya nailoni yanayonyumbulika hupendwa kwa kuwa hayana chuma kinachoonekana mtu akicheka. Kwa pengo dogo la muda huenda yakafaa. Lakini kunyumbulika kwake, ambako ndiko kunakosifiwa, ni kinyume cha sharti la kiunganishi kigumu; aghalabu hayana maegemeo; na ufizi ukipungua ni vigumu kuyaongezea tabaka la ndani ili yakae tena. Wahenga walinena kwamba rahisi huvunja upishi, na kizuri cha kutazamwa si lazima kiwe kizuri cha kutafunia.

Pengo lisilotaka kuzibwa

Mpango wa kweli huruhusu pia jibu ambalo duka la meno halipendi kulisikia: kwamba pengo hili lisizibwe. Mwaka 1981 Käyser wa Chuo Kikuu cha Nijmegen, Uholanzi, alitoa matokeo ya utafiti wake kwamba watu wenye meno ya mbele na magego madogo yanayokutana vyema huweza kuishi bila magego ya nyuma, na mwili wao ukazoea. Jambo hilo halikukubaliwa mara moja. Lakini hoja haikubaki Ulaya. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, waliwachunguza zaidi ya Watanzania 700 wenye safu fupi za meno, na mwaka 2003 ikachapishwa taarifa juu ya uwezo wao wa kutafuna. Wale waliobakiwa na magego madogo yote pamoja na walau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana walikuwa na uwezo wa kutosha. Waliopata taabu kubwa, hasa kwa vyakula vigumu, ni wale ambao hata magego madogo yalikuwa yamebaki jozi mbili au chini ya hapo.

Elimu hiyo iliyopatikana kwa vinywa vya Watanzania wenyewe ina thamani kubwa. Humwambia daktari ni nani hasa anayehitaji meno ya bandia na ni nani anayehitaji ushauri na mswaki tu. Kumtengenezea wa pili bamba asilolihitaji ni kuyatia hatarini meno yaliyobaki na kumtoza fedha kwa ajili ya hatari hiyo.

Haki yadai kusemwa kwamba sayansi haijamaliza kazi yake hapa. Uchunguzi wa jumla uliotolewa na Cochrane mwaka 2012 haukupata ushahidi wa kutosha wa kuutukuza mpango mmoja wa meno ya bandia juu ya mwingine. Wengine hulichukua jambo hilo kama ruhusa ya kufanya lolote. Hilo si sahihi. Kukosa ushahidi kwamba ramani moja inaishinda nyingine si ushahidi kwamba nyumba hujengwa bila ramani. Kinyume chake, Bergman na wenzake huko Sweden, waliowafuatia wagonjwa wao kwa miaka 10 na kutoa taarifa mwaka 1982, kisha wakaendelea mpaka miaka 25 na kutoa nyingine mwaka 1995, walionyesha kwamba meno ya bandia yaliyopangwa vizuri, yakaangaliwa kila mara na wagonjwa wakafundishwa usafi, hayakuwaletea madhara makubwa waliyoyaogopa wengi. Mpango bila uangalizi haukamiliki, na uangalizi hauwezi kuponya ubaya wa mpango.

Yapasayo kutendwa

Siku hizi kompyuta huweza kupima mfano wa taya, kuchora vibanio, na mashine ikauyeyusha unga wa chuma kwa mwali wa leza mpaka umbo likakamilika. Hayo ni maendeleo ya kupokewa kwa furaha. Lakini mashine hutii mchoro. Haijui jino lipi limelegea. Daktari aliyeshindwa kufikiri mbele ya plasta hatafikiri zaidi mbele ya kioo cha kompyuta.

Yanayotakiwa ni machache na yanawezekana. Agizo lolote liendalo maabara liambatane na mchoro uliotiwa sahihi na daktari, unaoonyesha matandiko, maegemeo, vibanio na kiunganishi. Na fundi awe na haki ya kulirudisha agizo lisilo na mchoro. Kila maabara inayohudumia hospitali ya umma iwe na chombo cha kupimia usambamba, ambacho hununuliwa mara moja na kudumu miaka mingi. Wanafunzi wa udaktari wa meno na wale wa ufundi wa maabara wakae darasa moja walau kwa somo hili, wajifunze kuheshimiana kabla hawajaanza kutupiana lawama. Maofisa wa afya nao wasihesabu mabamba yaliyotolewa tu. Wahesabu pia yale yanayovaliwa bado baada ya miaka mitano.

Mwananchi naye ana sehemu yake. Anayo haki ya kuuliza maswali manne kabla hajalipa: je, pengo hili ni lazima lizibwe? Meno haya yataegemea nini? Ufizi wangu utaachwa wazi wapi? Nirudi lini kuangaliwa? Naye awe tayari kuyavua usiku, kuyaosha pamoja na meno yake ya asili, na kurudi siku aliyoambiwa.

Mwisho wa yote, kazi ya meno ya bandia haipimwi kwa idadi ya meno yaliyoongezwa bali kwa idadi ya meno ya asili yaliyosalia. Bamba linalompa mtu magego manne na kumwondolea chonge mbili limemwibia. Mchoro wa dakika chache, uliofanywa na mtu aliyekitazama kinywa na kulipima jino, ndio mlinzi wa kwanza dhidi ya wizi huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kinywa cha binadamu, ukuta ulioanguka haujengwi tena kama ulivyokuwa.